Mtoto mgongoni wakati wa mvua na baridi: joto ni la mama, kikwembe ni cha kulilinda

Tukisikia neno baridi, wengi wetu tunafikiria Goma, Bukavu au Lubero, kule milimani ambako watu wanaamka na makoti. Sisi wa Punia tunaishi ndani ya msitu, karibu na ikweta, na malalamiko yetu ya kila siku ni joto na jasho. Lakini mtoto mchanga hahesabu baridi kama sisi. Mvua ikimlowanisha mama njiani kutoka shambani, upepo ukapita juu ya kikwembe kilicholowa, mtoto aliye mgongoni anaweza kupoa hata siku ambayo mchana jua liliwaka kali. Na alfajiri, wakati umande unafunika njia yote na sisi tunakwenda sokoni au kwenye mpunga, miguu yake midogo inayoning’inia nje ya kikwembe inakuwa kama maji ya mtoni.

Kubeba mtoto hakuna mtu wa kutufundisha. Tulibebwa, tukabeba wadogo zetu, sasa tunabeba watoto wetu. Tunachotaka kusema juma hili ni jambo moja tu: wakati wa baridi, kinachompa mtoto joto ni mwili wa mama. Nguo na kikwembe kazi yao ni kuzuia joto hilo lisitoroke. Mama akilielewa neno hilo, mengine yote yatafuata: atajua amvalishe nguo ngapi, amfunge vipi, afanye nini mvua ikimkuta njiani, na kwa nini hatakiwi kumfunika uso.

Kwa nini mtoto anapoa kutushinda sisi

Mtu mzima akisikia baridi anatetemeka, anakunja mikono, anasogea kwenye moto. Mtoto mchanga hawezi kutetemeka vizuri. Ana mafuta ya namna ya pekee chini ya ngozi, hasa kwenye shingo na kati ya mabega, ambayo mwili unayachoma ili kutengeneza joto. Mafuta hayo yanakwisha upesi, na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati anayo kidogo sana. Tena ngozi yake ni pana ukilinganisha na uzito wake, na kichwa chake ni kikubwa. Kwa hiyo joto linatoka upesi, hasa kichwani.

Joto la kawaida la mtoto mchanga ni kati ya digrii 36,5 na 37,5. Likishuka chini ya 36,5, mtoto ameanza kupoa. Likishuka chini ya 32, maisha yake yako hatarini sana. Shirika la Afya Duniani limekuwa likifundisha kwa miaka mingi kwamba mtoto aliyezaliwa sasa hivi, akiachwa amelowa na bila kufunikwa, anaweza kupoteza digrii 2 hadi 4 katika dakika 10 hadi 20 za kwanza. Hilo hutokea hata katika nchi za joto kama yetu.

Mtoto anayepoa anatumia nguvu zake zote kutafuta joto. Anachoka, ananyonya kidogo. Akinyonya kidogo anakosa nguvu ya kutengeneza joto, anapoa zaidi. Ni mzunguko mbaya, na mara nyingi hauna kelele. Mtoto anayepoa halii sana. Analala, ananyamaza, na sisi tunasema: leo mtoto ametulia, ameniacha nifanye kazi. Ndiyo sababu lazima tujue kumgusa na kumchunguza, tusingoje alie.

Mwili wa mama ni jiko lisilozimika

Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchini Kolombia, daktari Edgar Rey alikuwa na shida ambayo hata sisi tunaijua: watoto wengi waliozaliwa wadogo, na vyombo vya kuwapasha joto vichache. Watoto wawili au watatu waliwekwa katika chombo kimoja na wakaambukizana magonjwa. Rey, na baada yake mwenzake Héctor Martínez, wakaanza kuwapa akina mama watoto wao: mtoto uchi, na nepi na kofia tu, ngozi yake juu ya ngozi ya kifua cha mama, amefungwa kwa kitambaa, mchana na usiku. Wakaita namna hiyo huduma ya mama kanguru, kwa jina la yule mnyama wa Australia anayebeba mtoto wake ndani ya mfuko wa tumboni.

Watu wengine walidhani ni dawa ya maskini, ya kutumia tu pale ambapo vyombo vimekosekana. Lakini mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, juu ya watoto zaidi ya 3.000 waliozaliwa na uzito chini ya kilo 1,8. Watoto waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa wachache kuliko wale waliongojewa kwanza wapate nguvu: vifo vilipungua kwa robo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likatoa agizo kwamba mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au mwenye uzito mdogo, awekwe kifuani mapema, saa 8 hadi 24 kwa siku, hospitalini na nyumbani pia.

Kuna mfano mwingine wa mbali sana na Punia. Kaskazini kabisa mwa Kanada, ambako barafu inafunika nchi miezi mingi, wanawake wa Inuit wanabeba watoto mgongoni kama sisi. Vazi lao linaitwa amauti. Ni koti lenye mfuko mgongoni na kofia kubwa. Kwa desturi yao mtoto anaingia ndani ya koti la mama, bila nguo nyingi, mwili wake ukigusa mgongo wa mama, na koti moja linawafunika wote wawili. Hawamfungi kwanza katika mablanketi mazito halafu wakamweka nje ya koti. Wameelewa kwamba mama ndiye jiko, na jiko halikai upande mmoja wa ukuta na mtoto upande mwingine.

Majuma ya kwanza: kifuani, siyo mgongoni

Mtoto ambaye shingo yake haijakomaa, mahali pake ni kifuani. Shingo inakomaa polepole, na watoto wengi wanashika kichwa vizuri wakiwa na miezi mitatu au minne. Tunajua kwamba wengi wetu tunawapandisha mgongoni mapema zaidi, kwa sababu shamba halingoji na nyumbani hakuna mtu wa kubaki naye. Lakini tuseme ukweli: mtoto wa juma moja au mawili akiwa mgongoni, hatumwoni. Kichwa kinaweza kuanguka mbele, kidevu kikagusa kifua, na njia yake ya hewa, ambayo ni laini na nyembamba, ikazibika. Hawezi kuinua kichwa mwenyewe. Hawezi hata kulia.

Akiwa kifuani, mtoto anasimama wima katikati ya matiti, tumbo lake juu yetu, kichwa kimegeuzwa upande mmoja. Kikwembe kinapita chini ya makalio yake, kinapanda mgongoni kwake mpaka chini ya masikio, na kinafungwa kwa nguvu ya kutosha kumshika, bila kumzuia kupumua. Tukiinamisha kichwa kidogo, midomo yetu iweze kufika juu ya kichwa chake. Kati ya kidevu chake na kifua chake pabaki nafasi ya kidole kimoja au viwili. Uso uonekane wakati wote. Juu ya hayo tunavaa libaya letu au sweta, na tunaizungusha pande zote mbili ili upepo usimfikie mgongoni.

Mtoto aliyezaliwa mdogo, chini ya kilo 2,5, au kabla ya majuma 37 ya mimba, anahitaji kifua kuliko wote. Mama akichoka au akitaka kuoga, baba anaweza kumpokea. Kifua cha baba kina joto vilevile. Koko naye anaweza, kama hana kikohozi. Siyo aibu kwa mwanaume kukaa barazani na mtoto ndani ya shati lake. Aibu ni mtoto kupoa wakati watu watatu wenye joto wamekaa ndani ya nyumba.

Na maji ya kuoga? Mtoto aliyezaliwa leo tusimwogeshe leo. Tungoje angalau saa 24. Ule utando mweupe ulio juu ya ngozi yake siyo uchafu, unamlinda. Tumpanguse akauke, tumvalishe kofia, tumweke kifuani, tumnyonyeshe ndani ya saa ya kwanza.

Akipanda mgongoni

Mtoto akishashika kichwa, mgongo ni wake. Hapo tuangalie mambo manne.

La kwanza ni miguu. Wakati wa baridi kuna mama anayemfunga mtoto kwanza kama mzigo, miguu imenyooshwa na kubanwa pamoja, halafu ndiyo anamweka mgongoni. Tusifanye hivyo. Mapaja yafunguke na kukumbatia ubavu wetu, magoti yawe juu kidogo kuliko makalio, kama chura. Namna hiyo kifupa cha paja kinakaa vizuri ndani ya nyonga. Nchini Japani zamani watoto wengi waliteguka nyonga. Mwaka 1975 walianza kuwafundisha wazazi nchi nzima wasiwafunge watoto miguu ikiwa imenyooka, na ugonjwa ukapungua sana. Madaktari wa mifupa wanaona kwamba ugonjwa huo ni wa nadra kati ya Waafrika wanaobeba watoto mgongoni, na wanadhani namna yetu ya kubeba inasaidia. Basi baridi isitufanye tuache kitu kizuri tulicho nacho.

La pili ni nyayo. Zinabaki nje ya kikwembe, na ndizo zinazopoa kwanza. Soksi mbili, au suruali yenye kufunika miguu, zinafaa kuliko blanketi la tatu. Kama hakuna soksi, tukate mikono ya sweta iliyochakaa, tushone mwisho wake, tumvalishe hadi magotini. Soksi iwe kubwa kidogo, kwa maana mtoto akikunja miguu inavutika na kubana vidole.

La tatu ni kichwa na pua. Kofia ndiyo, iwe ya pamba au sufu, isishuke hadi machoni. Kikwembe kisipite masikio. Tusifunike kichwa chote kwa kitambaa, hata kama kuna umande, hata kama kuna vumbi. Mtoto aliyefunikwa uso anavuta hewa ileile aliyoitoa, na chini ya kitambaa hatumwoni akibadilika rangi.

La nne ni macho ya kumwangalia. Mama hana macho mgongoni. Lakini katika njia za msituni tunatembea mmoja nyuma ya mwingine, na hii ni bahati yetu. Tufanye desturi hii: anayefuata ndiye mlinzi wa mtoto aliye mbele yake. Aangalie kichwa kimeanguka au kiko sawa, pua iko wazi au imezama kwenye kikwembe, miguu imefunikwa au iko nje. Akiona jambo, aseme, “Mama, simama.” Na aliyeambiwa asikasirike. Anayetembea peke yake asimame kila mara, amguse mtoto, amsikilize akipumua.

Kuna jambo lingine la kwetu. Kitunga cha kuni au cha mihogo kikichukua mgongo, mtoto anahamia mbele au ubavuni. Hapo kikwembe kinakuwa kama mfuko, mtoto anakunjika ndani yake, kidevu juu ya kifua. Ni hatari ileile tuliyoisema. Kama kitunga kiko mgongoni, mtoto awe wima mbele yetu, uso nje. Na kama ni mdogo sana, afadhali kuni zipungue siku hiyo, au kijana wa nyumbani abebe kitunga.

Nguo ngapi?

Wauguzi wanasema mtoto avae nguo moja au mbili kuliko mtu mzima anayekaa naye mahali pamoja. Hiyo ni kweli kwa mtoto aliyelala kitandani. Aliye mgongoni au kifuani ana kikwembe, na ana joto la mama. Tuhesabu kikwembe kama nguo moja. Kwa hiyo, asubuhi ya umande hapa Punia, shati la pamba, nepi kavu, suruali, soksi na kofia vinamtosha, kisha kikwembe, na juu yake kikwembe cha pili au sweta ya mama inayowafunika wote wawili.

Kumvalisha sweta tatu nene chini ya kikwembe kuna mabaya mawili. Kwanza, zinamtenga na mwili wetu, joto letu halimfikii. Pili, kikwembe hakishiki vizuri juu ya nguo nene. Kinalegea njiani, na mtoto anazama ndani. Afadhali nguo nyembamba zilizo kavu, zikipangwa moja juu ya nyingine, ambazo jua likitoka tunaziondoa moja moja.

Maana joto kupita kiasi nalo ni ubaya. Mama anayepanda kilima au kulima anatoa joto jingi. Saa tatu asubuhi umande umekauka, na mtoto bado ana kofia ya sufu. Tuingize vidole nyuma ya shingo yake. Jasho likiwapo, tuondoe nguo moja na kofia. Uso ukiwa mwekundu, mwili wa moto, mtoto akiwa mlegevu, tukae kivulini, tumfungue, tumnyonyeshe.

Mvua ikitukuta njiani

Hapa kwetu adui mkubwa ni maji kuliko baridi yenyewe. Nguo iliyolowa inavuta joto la mwili, na upepo unaongeza. Wala siyo mvua tu. Mkojo unaokaa kwenye kikwembe kwa saa mbili unampoza mtoto tumbo na mapaja, hata kama mbingu ni safi.

Kwa hiyo, kikwembe cha pili siyo urembo. Ni dawa. Kila mama anayetoka na mtoto achukue kikwembe kimoja kikavu, shati moja na nepi, avifunge ndani ya sashe ya plastiki isiyopitisha maji, aviweke chini ya kitunga. Mwavuli ukiwapo, vizuri. Usipokuwapo, jani kubwa la msituni au la ndizi linashikwa juu ya kichwa cha mama na cha mtoto. Plastiki inaweza kuwekwa mabegani, ikafunika mgongo wa mtoto kwa nje, na upande wa juu ukafungwa kifuani kwa mama. Lakini isipite mabega ya mtoto. Plastiki juu ya uso wa mtoto ni kifo, hata kama ni kwa dakika chache tu, hata kama mvua ni kubwa namna gani.

Ikinyesha sana, tuingie kwenye nyumba ya kwanza. Kwa mila zetu hakuna mlango unaofungwa mbele ya mama mwenye mtoto na mvua nyuma yake. Tukishaingia, kwanza tumvue mtoto nguo zote zilizolowa, tumpanguse kichwa, tumkaushe. Kisha mama naye avue kilicholowa juu yake, kwa sababu kumweka mtoto mkavu juu ya mama aliyelowa ni kazi bure. Ngozi kwa ngozi, kikwembe kikavu juu ya wote wawili, na titi. Maziwa ya mama ni joto linaloingia ndani.

Wale wanaokwenda kwenye machimbo ya kasiterite wanajua shida ya pekee: wanasimama ndani ya maji na mtoto mgongoni, na matope yanaruka. Mahali pale siyo pa mtoto. Kama mama hana njia nyingine, wenzake wapangane zamu: mmoja abaki mahali pakavu na watoto, wengine wafanye kazi, na aliyebaki apate sehemu yake ya mchana.

Safari ya pikipiki

Wagonjwa wengi na akina mama wengi wanakuja kutoka Kasese na vijiji vingine kwa pikipiki, na wengine wanaendelea Lubutu au Kindu. Pikipiki ikikimbia, upepo wake unapoza hata mtu mzima. Mtoto aliye katikati ya dereva na mama anakingwa na upepo, lakini anaweza kubanwa uso juu ya mgongo wa dereva. Aliye mgongoni anapumua vizuri, lakini anapata mvua na baridi, na miguu yake inaweza kugusa sehemu ya moto ya bomba la moshi mama akiteremka.

Kwa mtoto mchanga, kama safari inaweza kungoja, ingoje. Isipoweza kungoja, kama ni ya kwenda hospitali, mtoto awe kifuani ndani ya sweta ya mama, uso umegeuzwa upande, na mama aweke mkono mmoja kati ya mtoto na dereva ili nafasi ibaki. Dereva aambiwe tangu mwanzo: polepole, na tunasimama mara kwa mara. Dereva mwenye akili hakatai. Tusimame, tuangalie rangi ya midomo, tuguse miguu na tumbo, tunyonyeshe, tuendelee.

Nyumbani: mbabula ibaki nje

Tukifika na baridi, mkono wa kwanza unakwenda kwenye makala. Mbabula ndani ya chumba kilichofungwa inatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Inaua mama na mtoto wakiwa usingizini, bila kuwaamsha. Moto ukae jikoni au nje, mlango wazi. Tena tusiiname juu ya moto wala sufuria ya maji ya moto na mtoto mgongoni. Mguu wake unateleza, kikwembe kinashika moto. Chupa ya maji ya moto karibu na mtoto inaunguza ngozi yake. Kwa usiku wa mvua, kinachofaa ni kifua cha mzazi aliyekaa kitako akiegemea, chandarua kimeshushwa, mtoto amevaa kofia na nepi, na mtu mwingine yuko macho karibu naye.

Tutajuaje kwamba anapoa?

Siyo lazima kuwa na kipimajoto. Tutumie upande wa nyuma wa mkono wetu. Tuguse tumbo, kisha nyayo.

Tumbo na nyayo zote ni za vuguvugu: mtoto yuko vizuri. Tumbo lina joto lakini nyayo ni baridi: ameanza kupoa, tumweke ngozi kwa ngozi sasa hivi, kofia, soksi, titi, na tumguse tena baada ya muda. Tumbo na nyayo zote ni baridi: huyo amepoa sana. Tumweke kifuani na tuondoke kwenda kituo cha afya, akiwa kifuani njia nzima.

Tusingoje asubuhi kama mtoto hanyonyi au ananyonya kwa udhaifu. Kama analala tu na haamki tukimkuna nyayo. Kama anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika moja, au kifua kinaingia ndani akivuta hewa. Kama ana degedege. Kama midomo ni ya bluu. Kama mwili una moto mkali au ubaridi usiokwisha.

Hapa tunataka kusema jambo ambalo limeponza nyumba nyingi. Tunasema, “Ni baridi imemwingia,” tunampaka mafuta, tunamfunika, tunangoja. Lakini mtoto mchanga mwenye ugonjwa wa damu, yaani vijidudu vimeingia katika damu yake, mara nyingi hana moto. Anapoa. Baridi ya mwili wake inakuwa ndiyo alama ya ugonjwa. Kwa hiyo mtoto tuliyemweka kifuani, mkavu, amefunikwa vizuri, na baada ya saa moja bado ni baridi, huyo hahitaji blanketi lingine. Anahitaji muuguzi.

Tunavyoweza kusaidiana

Wako dada zetu waliokwenda mbali, Kanada, Ubelgiji, Marekani, ambao sasa wanabeba watoto ndani ya theluji na wanatupigia simu kuuliza. Jibu ni lilelile: mtoto ndani ya koti lako, siyo nje yake, pua wazi, miguu imevaa, mguse shingo kila mara. Tena watu wa kule wamejifunza kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 muuguzi mmoja Mmarekani, Ann Moore, alifanya kazi Togo, akaona wanawake wanavyobeba watoto na jinsi watoto hao walivyotulia. Aliporudi kwao akashona na mama yake mfuko wa kubebea mtoto, ukaitwa Snugli, na mwaka 1969 akapewa hati ya uvumbuzi. Kitu ambacho mama wa Togo alifanya kwa kitambaa kimoja kikauzwa madukani.

Sisi tunacho tayari. Kinachobaki ni kukitumia vizuri, na kuhakikisha kwamba hakuna mama anayekikosa. Mama anayejifungua akiwa na kikwembe kimoja tu, kikilowa hana kingine. Ndiyo sababu tunaomba kila mwanachama, kwenye mkutano ujao, alete kitu kimoja: kikwembe cha zamani kilichofuliwa, kofia ndogo, soksi, sweta iliyochakaa ya kukata. Tutavifua tena, tutavianika juani, tutavipanga katika sanduku moja, na kuvipeleka maternite. Wanaojua kushona wakae baada ya mkutano.

Na kuanzia kesho asubuhi, njiani kwenda shambani, tukumbuke kazi ya anayefuata nyuma. Mtoto aliye mbele yako siyo wako, lakini macho yanayomwona ni yako tu.